Kioo cha Namba Saba

Enoka Nzunda wa Iyula alikuwa mtu wa kujivunia mambo matatu: kahawa yake, mke wake na macho yake. Kahawa ilikuwa nzuri kweli, hata majirani wenye husuda walikubali. Mke, Nesta, alikuwa mzuri kuliko kahawa. Macho ndiyo yaliyomtia aibuni, na aibu hiyo hakuletewa na mtu. Aliitafuta kwa mkono wake mwenyewe.

Macho hayo yalikuwa yamempa heshima tangu ujana. Mwaka 1922, alipojiandikisha keya, jeshi la Waingereza la siku zile, afisa aliwapanga vijana uwanjani akawauliza wanaona nini juu ya kilima cha mbali. Wenzake waliona mti. Enoka aliona mti, na tai aliyetua juu ya mti. Wiki hiyohiyo akapelekwa Tabora, kwenye chuo cha wapiga ishara.

Walikuwa kumi na wawili darasani, na kazi waliyofundishwa ni kuongea kwa jua. Unashika kioo, unalinasa jua, unalitupa juu ya kilima alikosimama mwenzako, maili ishirini au thelathini kutoka ulipo. Halafu unalifunika na kulifunua. Mwako mfupi, mwako mrefu, na kila herufi ina miako yake. Mwalimu wao, Sajini Almasi, Mmanyema mwenye sauti ya kupasulia kuni, hakuwa na subira ya kujifunza majina ya watu wa nyanda za juu. Aliwapa namba kwa jinsi walivyosimama mstarini siku ya kwanza. Enoka akawa Namba Saba. Ubavuni mwake alisimama kijana mrefu wa Kindali kutoka milima ya Ileje, Andongwisye Mbonile, naye akawa Namba Nane. Huko mwishoni alikuwepo Kasiani Simbeye, Mnamwanga wa Tunduma, Namba Kumi na Moja, ambaye mdomo wake ulikuwa mwepesi kuliko kioo chake.

Sajini alikuwa na sheria moja aliyoirudia kila asubuhi kabla ya uji. "Kama hukusoma, omba urudiwe. Neno *rudia* halina aibu. Lakini ukituma *nimepokea*, watu wanaondoka na bunduki zao kwa neno lako." Aliyetuma nimepokea kwa ujumbe ambao hakuusoma alizungushwa uwanja na jiwe kichwani mpaka jua lizame. Enoka hakuwahi kulibeba jiwe hilo hata siku moja. Alikuja kulibeba akiwa na miaka hamsini na minne, nyumbani kwake, na hakuna sajini aliyemtwika.

Walipomaliza chuo, Enoka na Andongwisye waliwekeana ahadi. Binti wa mmoja wao akiolewa, baba yake atanyamaza, na mwenzake ndiye atakayesimama kumkabidhi. Na aliyemkabidhi binti ndiye atakayempa jina mtoto wake wa kwanza. Ahadi za vijana ni nyingi, na nyingi hufa kabla ya mavuno. Hii haikufa. Marita, binti wa Enoka, alipoolewa, Andongwisye alitembea siku mbili kutoka Ileje na mtungi wa asali begani. Akasema maneno yaliyowaliza hata wale waliokuja kula tu.

Na kila mwaka, Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa sita, siku waliyomaliza chuo, kila mmoja alipanda kilima chake. Enoka alipanda kile cha nyuma ya shamba, Andongwisye akapanda mgongo wa mlima kule Ileje, na saa nne asubuhi wakasalimiana kwa vioo vya kunyolea vilivyonunuliwa dukani. Mwezi wa sita jua hukaa kaskazini, na Ileje iko kusini mwa Iyula. Jua likiwa mgongoni, kioo kimoja hakitoshi, yataka viwili: cha kwanza kulishika jua, cha pili kulituma. Cha kwanza alikishika Nesta. Kwa miaka ishirini na mitatu mwanamke huyo alikuwa analishika jua akiwa ameipa Ileje kisogo. Maneno yakipokelewa, alikaa chini kumenya viazi vya kuchoma na kungoja kuambiwa.

"Anasemaje?" huuliza.

"Salamu," hujibu mumewe. Au, "Ng'ombe wake amezaa." Au, "Mvua imewaharibia maharage."

Sasa, mwaka 1953, ukungu ulikuwa umeingia machoni mwa Enoka. Ulianza mdogo, akadhani ni moshi wa jikoni. Alimfokea Nesta kwa kuni mbichi. Kuni zikabadilishwa, moshi ukabaki. Hakumwambia mtu. Angemwambiaje, yeye aliyemwona tai? Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini Enoka alijiona ni mjanja kuliko methali. Siku ya vioo ilipofika alipanda kilimani kama kawaida, akatuma salamu zake vizuri, kwa sababu mikono haihitaji macho. Kisha upande wa Ileje ukaanza kuwaka. Enoka aliona weupe tu, unaotetemeka kama maziwa kwenye kibuyu. Ulitetemeka kwa muda mrefu. Ukakoma. Mkono wake ukanyanyua kofia, ukakifunika na kukifunua kioo: *Nimepokea.*

"Leo amesema mengi," Nesta alisema. "Anasemaje?"

"Salamu tu," akajibu Enoka.

Mwaka mzima alijiambia kwamba pengine zilikuwa salamu kweli.

*

Jumatano kabla ya siku ya vioo ya mwaka 1954, Kasiani Simbeye aliingia uani akisukuma baiskeli iliyofungwa magunia ya chumvi. Alikuwa mfanyabiashara wa mpakani, leo Tunduma, kesho ng'ambo, na alikuwa amekaa Rodeshia miezi kumi kwa wakwe zake. Siku nyingine angepiga kelele tangu barabarani. Safari hii aliegemeza baiskeli, akavua kofia.

"Mulishani, shemeji," alimwambia Nesta kwa Kibemba cha sokoni, ila bila utani wake wa siku zote. Kisha akamgeukia Enoka, aliyekuwa amekaa na kikapu cha kahawa aliyotoka kuichuma. "Namba Saba."

"Namba Kumi na Moja! Kaa, ndugu yangu. Mama Marita, kuna uji?"

"Sikai mpaka uniambie," alisema Kasiani. "Natoka Ileje. Nimelala kwa Namba Nane siku mbili. Mwaka jana alikutumia ujumbe, kwamba binti yake Tulinagwe anaolewa Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa saba, uende ukamkabidhi. Wewe ukatuma nimepokea. Ni kweli au si kweli?"

Kuku mmoja alipita kati yao akidonoa, na Nesta akaacha kukoroga uji.

"Mimi nilikuwepo siku ile," Kasiani aliendelea. "Tumekungoja tangu asubuhi. Chakula kimepoa. Wakwe wakaanza kuangaliana. Kila mtu alipotokea njiani, Andongwisye alisimama. Alisimama mara tisa, nilizihesabu. Jua likapinduka, kaka yake mkubwa akamkabidhi mtoto kwa maneno matatu, tukala wali wa baridi. Namba Nane hakula. Aliniambia, 'Angesema hawezi, ningemwelewa. Angenyamaza, ningedhani hakuona. Lakini amesema amepokea.' Nikaenda zangu Rodeshia nikijua mtapatana. Juzi narudi, nakuta kioo chake amekigeuzia ukutani. Ameapa hapandi kilima tena."

Hapo Enoka angeweza kusema homa ilimshika, au mto ulifurika, ingawa mwezi wa saba hakuna mto unaofurika Mbozi. Alifungua mdomo kutafuta uongo mzuri, na mke wake akamwahi. Nesta alikuja, akachukua kile kikapu cha kahawa, akakimwaga chote juu ya mkeka mbele ya mgeni.

"Shemeji," alisema, "angalia."

Kasiani akaangalia. Kahawa huchumwa ikiwa nyekundu, mtoto wa Iyula hulijua hilo kabla hajaota meno ya pili. Kwenye ule mkeka nusu ilikuwa nyekundu na nusu ilikuwa mbichi, kijani kibichi.

"Huu ni msimu wa pili nazichambua," Nesta alisema. "Akilala, nachambua. Akienda kanisani, nachambua. Baba Marita, ulidhani kahawa mbichi inajitoa yenyewe kikapuni?"

Enoka aliinama akaipapasa ile kahawa kwa vidole, punje kwa punje, kana kwamba vidole vingemwambia rangi. Uso wake ulikuwa umewaka moto. Mtu akivuliwa nguo sokoni angalau anaweza kukimbia, yeye alikuwa amekaa kwenye kigoda chake mwenyewe.

"Tangu lini unajua?" aliuliza.

"Tangu ulipompisha mbuzi njiani ukamwamkia."

Kasiani akacheka. Hakutaka kucheka, lakini kicheko kilimponyoka. Nesta naye akacheka, na mwishowe Enoka mwenyewe akatikisika mabega, ila machozi yalikuwa yanamtoka, na wote wawili waliyaona.

"Sikusoma," alisema alipoweza kusema. "Niliona weupe tu. Ningetuma rudia angerudia mara kumi, na mara ya kumi ningeona weupe uleule. Nikaona haya. Nimemwaibisha ndugu yangu mbele ya wakwe zake kwa sababu ya haya yangu."

"Basi nitarudi Ileje nikamwambie," alisema Kasiani. "Baiskeli itanilaani kwa ile milima, lakini nitakwenda."

"Usimwambie."

"Namba Saba, umekuwa kichaa?"

"Nilimdanganya kwa kioo. Nitaungama kwa kioo. Wewe mwambie kitu kimoja tu, apande Jumamosi. Asipotaka kupanda, hiyo ni haki yake."

Sasa Kasiani akaketi. Halafu akanywa uji wake kwa haraka, akashusha gunia moja la chumvi ili kupunguza mzigo, akageuza baiskeli. Alikuwa amefika mwisho wa ua alipokumbuka. "Tulinagwe amejifungua mtoto wa kike," alisema. "Wiki mbili zilizopita."

"Anaitwa nani?" Nesta aliuliza.

"Sikusikia akiitwa jina," alijibu Kasiani, akaondoka.

*

Jumamosi ilipambazuka baridi na safi. Nesta alibeba vioo na viazi. Enoka alibeba fimbo, na kwa mara ya kwanza aliitumia mbele ya watu kwa kazi inayojulikana. Majirani walimwona anapapasa njia. Mmoja, Anania, ambaye kazi yake kubwa duniani ilikuwa kuuliza, akauliza. "Sioni vizuri," Enoka akamjibu, akapita. Neno lile lilimshangaza kwa wepesi wake. Alikuwa amelibeba mwaka na nusu akidhani ni zito.

Juu ya kilima, Nesta alichomeka kioo cha kwanza kwenye mti wa panda ambao waliusimika zamani, akakigeuza mpaka kikalinasa jua. Mbele yake kulikuwa na kijiti cha shabaha, kilichoelekezwa kwenye kilima cha Andongwisye tangu mwaka waliotoka jeshini. Enoka alikiweka kioo cha pili mahali pake.

"Mwanga uko kwenye kijiti?"

"Sogeza kushoto. Kidogo. Hapo."

Akaanza kuita. *Saba. Saba. Saba.* Halafu akashusha kofia. "Sasa geuka uangalie Ileje," alimwambia. "Hujui herufi, na huna haja ya kuzijua. Ukiona mwako, niambie mfupi au mrefu. Mimi nitaandika kichwani."

Nesta akageuka. Miaka ishirini na mitatu, na hii ilikuwa mara yake ya kwanza kuusubiri mwanga akiutazama. Milima ilikuwa imejipanga ya bluu, mmoja nyuma ya mwingine.

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu."

Akaita tena. Wakangoja. Jua hutembea, kwa hiyo kila baada ya muda Nesta alirudi kurekebisha kioo chake, kisha akakimbilia upande wa pili. Enoka aliita mara ya tatu, ya nne, ya sita. Ileje ilinyamaza. Sheria ya chuoni ilikuwa wazi: kituo kisipojibu, usitume ujumbe, maana unauambia upepo. Enoka aliifikiria sheria hiyo. Akamfikiria Andongwisye akisimama mara tisa kuangalia njia. Akaona kwamba, kama upepo ndio peke yake wa kumsikiliza, basi upepo nao utaambiwa ukweli.

Akatuma polepole, kama mwanafunzi wa wiki ya kwanza. *Sioni. Mwaka jana sikusoma. Nilisema uongo. Nisamehe Namba Nane.*

Akamaliza. Akakaa juu ya jiwe.

"Bado," alisema Nesta bila kuulizwa.

Viazi vilipoa. Kengele ya saa sita ya Mbozi Mission haifiki Iyula, lakini kivuli cha kijiti kilionyesha kwamba mchana unakaribia. Nesta alikuwa mwanamke mkweli, na ukweli ulikuwa kwamba anaona milima tu. Aliinama kukusanya vitu. "Tushuke, baba Marita. Kesho nitakwenda mwenyewe Ileje kwa miguu nikapige magoti kwa niaba yako."

Akainua kichwa kumpa mumewe fimbo, na hapo akakidondosha kiazi.

"Mfupi!" alipiga kelele. "Mrefu! Mfupi!"

Enoka alisimama kwa haraka hata akajikwaa. "Endelea! Usiongeze neno!"

"Mfupi, mfupi, mrefu. Mrefu, mfupi, mfupi. Mfupi, mfupi. Mfupi, mrefu. Basi. Amenyamaza."

Enoka aliziunganisha herufi kichwani, na kicheko kikamtoka ambacho hakikuwa kimemtoka mwaka mzima. "*Rudia*," alisema. "Yule mzee anataka nirudie."

Huenda Andongwisye alifika kilimani amechelewa, akakuta ujumbe umefika katikati. Huenda pia alikuwa amekaa pale tangu asubuhi, kioo mapajani, na ameusoma wote, ila mtu aliyesimama mara tisa ana haki ya kuungamiwa mara mbili. Enoka hakuuliza. Alirudia kila neno, na safari hii mkono wake ulikuwa mwepesi. *Sioni. Sikusoma. Nilisema uongo. Nisamehe.*

Kisha Nesta akaanza tena kutaja, mfupi, mrefu, na Enoka akasema kwa sauti kila neno lilivyokamilika.

"*Nimepokea*," alisema. Alipumua kwanza. "*Nimesamehe. Mtoto.* Mtoto, anasema. Endelea, mama Marita. *Mtoto hana jina.*"

Mtoto wa wiki mbili na siku kadhaa, babu mkubwa yupo, shangazi wapo, na hana jina. Wamemweka bila jina. Enoka alielewa maana yake, na Nesta naye alielewa, kwa sababu ile ahadi aliijua kabla hajaolewa. Yule mzee aliyekigeuzia kioo ukutani, aliyeapa, alikuwa amekataa mjukuu wake apewe jina na mtu mwingine.

Mwanga wa Ileje uliendelea kuwaka mara chache zaidi, ukazimika.

"Neno la mwisho?" Enoka aliuliza. "Taja."

Nesta alikuwa anajipangusa uso kwa ncha ya kitenge. "Limenipita," alisema. "Nililia, baba Marita. Nimepata mwanzo tu. Mrefu, mfupi. Baada ya hapo sijui."

Enoka alishika kofia. Kule Ileje mwenzake alikuwa anangoja jibu, na mkono ulikuwa unawasha. Ilikuwa rahisi kubahatisha. Mrefu na mfupi ni herufi N, na baada ya maneno matamu kama yale mtu angeweza kulijaza neno mwenyewe, akatuma nimepokea, akashuka kilima akila viazi.

"Lishike jua," alimwambia mkewe.

Nesta akakirekebisha kioo. Enoka akainua kofia, akatuma taratibu, herufi kwa herufi, neno ambalo Sajini Almasi alisema halina aibu. *Rudia.*

"Sasa geuka. Na usilie."

"Silii. Huyo, ameanza. Mrefu, mfupi."

"N."

"Mfupi. Mrefu, mrefu, mrefu."

"J."

"Mrefu, mrefu, mrefu."

"O," alisema Enoka, na tayari alikuwa anaitafuta fimbo yake, ila aliingoja herufi ya mwisho mpaka ikafika.